Hekalu lisilo na ukuta: Mahali patakatifu pa Meru na Embu, na adabu inayotupasa sisi wa Pwani

Mtajie Mpwani Meru, na neno la kwanza litakalomtoka ni miraa. Mtajie Embu, huenda akanyamaza kabisa. Ndugu zetu wa mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya tunawajua kwa kile kinachoshuka huku na magari ya mbio, basi. Lakini huko juu kuna misitu, maziwa na maporomoko ya maji ambayo kwa wenyeji ni nyumba za ibada, zenye miiko mikali kuliko majengo mengi ya ibada tunayoyajua mjini.

Nimefika huko kwa shughuli zangu zaidi ya mara moja, na kila nikirudi naulizwa swali lile lile barazani: Muislamu anakwenda kutafuta nini kwenye mizimu ya watu? Leo nataka kulijibu kwa utaratibu. Nitaeleza mahali hapo ni pa aina gani, kwa nini panaheshimiwa, na sisi watu wa Pwani tunahusika vipi. Maana tunahusika, tena kwa karibu kuliko tunavyodhani.

Tuanze na hekalu tunalolijua

Sisi wa Mombasa tumezaliwa tukiyaona mahekalu ya Wahindi. Anayepita barabara ya Haile Selassie analiona lile la Swaminarayan na nakshi zake. Kila mwaka, mwezi wa Septemba au Oktoba, tunasikia muziki wa Navaratri, usiku tisa wa kumtukuza mungu wa kike. Wagujarati humwita Amba au Mataji, yaani Mama. Katika sura yake ya vita huitwa Durga, aliyelishinda jitu lenye umbo la nyati. Wanawake huzunguka taa kwa mduara wakicheza garba. Tumeishi nao mtaa mmoja vizazi kadhaa, lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kuuliza maana yake?

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba hekalu la Kihindu halikujengwa kwa fikra ya msikiti. Msikiti ni mahali pa kusujudia, na Mwenyezi Mungu hakai ndani yake. Kwa mwamini wa Kihindu, hekalu ni makao. Sanamu kabla ya kusomewa ibada ya kuitia uhai ni jiwe au shaba tu. Baada ya ibada hiyo, huhudumiwa kama mgeni wa heshima: huamshwa asubuhi, huogeshwa, huvishwa, hupelekewa chakula. Anayekwenda hekaluni huenda kumwona mungu wake na kuonwa naye. Hiyo ndiyo wanayoiita darshan, na ndiyo sababu mtu anaweza kuingia, kusimama kwa dakika mbili na kutoka akiwa ametosheka.

Jambo la pili ni umbo la jengo. Chumba cha ndani kabisa, kidogo na chenye giza, huitwa garbhagriha, maana yake nyumba ya tumbo la uzazi. Juu ya chumba hicho husimama mnara, na mnara huo ni mfano wa mlima. Katika vitabu vyao mlima ulio katikati ya ulimwengu, makao ya miungu, huitwa Meru. Msomaji asikimbilie mbali: Meru hiyo na Meru yetu ya Kenya ni mfanano wa sauti tu, kama majina mengine yanayofanana duniani. Ninachotaka ulishike ni wazo lenyewe. Hekalu ni mlima uliojengwa kwa mikono, na ndani ya mlima kuna tumbo la mama.

Jambo la tatu ni huyo mama mwenyewe. Parvati, jina mojawapo la mungu wa kike, maana yake ni binti wa mlima. Ganga ni mto na pia ni mungu wa kike, anayeshuka kutoka milima ya Himalaya. Na si lazima awe na sanamu. Katika hekalu kubwa la Ambaji huko Gujarat hakuna sanamu ya Amba. Kinachoelekewa ni mchoro mtakatifu uliofichwa macho ya watu. Huko Hinglaj, Balochistan, ndani ya Pakistan, mahali pake ni pango bondeni, na Waislamu wa eneo hilo wamezoea kumtaja kwa heshima kama Nani, yaani bibi. Mahali palitangulia, jengo likafuata, na pengine halikujengwa kabisa.

Ukiyashika haya matatu, yaani mlima, maji na mama, utaweza kwenda nami Embu bila kushangaa.

Embu: mwanamke wa maporomoko

Waembu wanasimulia kwamba asili yao ni Mbui Njeru, karibu na mji wa Runyenjes. Hapo, kwa simulizi yao, Mungu alimuumba mtu aliyeitwa Mwenendega, kisha akampa mke mzuri kando ya maporomoko ya maji. Mwanamke huyo huitwa Ciurunji, jina linalohusishwa na maporomoko hayo, ingawa wapo wasimulizi wanaompa jina jingine. Wawili hao walibarikiwa mali na watoto, na watoto wao ndio walioijaza Embu.

Tuwe waangalifu hapa. Ciurunji si mungu wa kike, na Mwembu hawezi kukuambia kwamba anamwabudu. Mungu wa Waembu ni mmoja. Walimwita Mwene Njeru, Mwenye weupe au Mwenye nuru, na walipomwomba walielekea mlimani ambako theluji huonekana alfajiri kabla mawingu hayajapanda. Ciurunji ni mama wa kabila. Lakini tazama jinsi simulizi ilivyopangwa: mlima juu, maji yanayotoka mlimani, na mwanamke anayepatikana penye maji. Mhindu wa Kisauni akisimuliwa hadithi hii ataielewa kwa haraka kuliko mimi niliyesomeshwa chuoni.

Nilipofika sehemu za Runyenjes, mzee mmoja alinieleza miiko kabla hajanieleza hadithi. Alianza na yale yasiyofanywa. Kwenye kichaka kitakatifu hakatwi mti. Haokotwi hata ukuni uliokauka ukaanguka wenyewe. Hauawi mnyama aliyekimbilia humo. Haendi mtu kwa utani wala kwa hasira. Waliopewa ruhusa ya kuingia kuomba ni wazee waliopitia daraja zinazohitajika, na waliingia kwa sababu kubwa: ukame, maradhi ya kundi, vita. Mwanakondoo asiye na doa alichinjwa chini ya mti wa mugumo, na uso ukaelekezwa mlimani. Nikamuuliza kwa nini aanze na makatazo. Akanijibu kwamba hadithi mtu anaweza kuisahau na mahali pakabaki, lakini makatazo yakisahauliwa mahali hapabaki.

Jibu hilo nimelibeba tangu siku hiyo.

Meru: ziwa, msitu na mkono uliofunikwa

Kutoka Embu barabara huzunguka mlima kwa upande wa mashariki, ikipita Chuka na Nkubu hadi mji wa Meru. Kaskazini mwa mji, ndani ya msitu wa Imenti, kuna ziwa dogo la kreta liitwalo Nkunga. Jina lenyewe ni la joka kubwa la majini katika simulizi za Wameru, na ndilo lililowazuia watu wasilichezee ziwa hilo. Upande wa Imenti kuna pia Giitune, kipande cha msitu mnene kilichozungukwa na mashamba. Ukikiona kutoka mbali utadhani mtu amesahau kufyeka. Hakusahauliwa. Kimeachwa makusudi, kizazi baada ya kizazi.

Wameru humwita Mungu Murungu. Jirani yetu Mdigo au Mgiriama anayesema Mulungu hahitaji mkalimani hapo. Katika mpangilio wao wa zamani alikuwako kiongozi wa baraka aliyeitwa Mugwe. Padri wa Kiitaliano, Bernardo Bernardi, alimwandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1959. Mugwe hakuwa mfalme wala hakimu. Kazi yake ilikuwa kubariki. Nguvu ya baraka ilisemekana kukaa katika mkono wake wa kushoto, na mkono huo ulifunikwa daima ili watu wasiuone. Kazi ya sheria na ardhi ilikuwa ya baraza la wazee, Njuri Ncheke, ambalo makao yake yako Nchiru, Tigania, na ambalo mpaka leo wanasiasa hulikimbilia wakati wa kura.

Utaona tena lile tulilolikuta hekaluni. Chumba cha ndani huwa na giza, mchoro wa Ambaji umefichwa macho ya watu, mkono wa Mugwe umefunikwa, na katikati ya Giitune si pa kila mtu. Kitakatifu huhifadhiwa kwa kutowekwa wazi. Sisi tulio na pazia juu ya mlango wa Al-Kaaba tusijifanye tunaona ajabu.

Mbwaa, yaani huku kwetu

Sasa nifike pale nilipoahidi, kwamba tunahusika. Wameru husimulia kwamba walitoka mahali paitwapo Mbwaa, pwani, kando ya maji makubwa. Huko walikuwa chini ya watu waliowaita Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu, waliowatesa na kuwapa mitihani isiyowezekana. Waliamriwa watengeneze kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Waliamriwa watoe mkuki unaofika mawinguni. Mwerevu wao, Koomenjwe, aliona kwamba ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe ina manyoya kote, na kiatu kikapatikana. Mitihani ilipozidi, watu walitoroka usiku. Maji yakawatenga na bara, Koomenjwe akayapiga kwa fimbo, yakagawanyika. Waliovuka usiku wakaitwa weusi, waliovuka alfajiri wakaitwa wekundu, waliovuka jua limetoka wakaitwa weupe. Mgawanyo huo wa koo ulidumu hadi mlimani.

Msomaji atasema hii ni hadithi ya Nabii Musa iliyoletwa na wamishonari, na wapo waliosema hivyo. Lakini mwanahistoria wa Marekani, Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Meru, aliielekeza Mbwaa kwenye kisiwa cha Manda, kule Lamu. Nahodha yeyote wa Lamu anaujua mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara: vyombo hungoja maji yajae ndipo vipite, na maji yakitoka sehemu zake huwa haba kabisa. Kundi la watu wanaojua saa ya maji linaweza kuvuka, na wanaowafuata wakichelewa wakakuta yamejaa. Sidai kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nasema kwamba mtu wa Pwani hana haki ya kuicheka hadithi hiyo.

Na lipo la kutufikirisha zaidi. Katika kumbukumbu ya Wameru, sisi wa Pwani, au waliokuwa na nguvu Pwani wakati huo, ndio tuliowafukuza. Walipofika mlimani walitenga misitu wasiiguse, wakaweka humo maombi yao. Kwenda leo na kuiita misitu hiyo upuuzi ni kuwafuata hadi huko.

Kilichohifadhiwa na miiko

Tuache imani kidogo, tutazame faida inayoonekana. Mlima Kenya ni chanzo cha maji ya Tana, na Tana inaishia kwetu, Kipini. Kila chemchemi iliyokingwa na kichaka kitakatifu huko Embu au Meru ni tone linalomfikia mkulima wa Garsen. Kabla nchi haijawa na idara ya misitu, kulikuwa na mwiko, na mwiko ulifanya kazi bila mshahara wala bunduki.

Wanasayansi nao wamefaidika. Kwenye mteremko wa kaskazini mashariki wa mlima kuna ziwa la kreta ambalo katika ramani na vitabu linaitwa tu Ziwa Takatifu. Watafiti walichimbua tope la chini yake, wakalisoma tabaka kwa tabaka kama kurasa, wakapata chavua za mimea iliyootea hapo makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Kutokana na tope hilo tunajua lini mlima ulikuwa mkavu na lini msitu ulipanda au kushuka.

Mlima Kenya uliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1997. Makaya ya Mijikenda yaliandikwa mwaka 2008, maeneo 10 yaliyotawanyika kwa takriban kilomita 200 za pwani yetu. Tofauti ni kwamba vichaka vidogo vya Embu na Meru, vingi vya ukubwa wa mashamba machache tu, havina kibao cha dunia. Vinategemea watu kukumbuka.

Shoka la kwanza huwa ni ulimi

Hatari ya mahali hapo inajulikana: ardhi imekuwa haba, hatimiliki zimegawanywa, mbao zina bei. Lakini kabla ya shoka hutangulia neno. Mtu husema "hao ni washirikina", au "hapo pana mashetani", na baada ya hapo kukata mti huwa ni tendo jema. Mugumo ulioombewa mvua na mababu huangushwa kama ushahidi wa wokovu, kisha huuzwa kuni.

Huku kwetu tumeliona jambo hili hadi mwisho wake. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama na viapo vikaliwa Kaya Fungo. Mwezi wa Agosti 1914 Waingereza waliilipua kaya hiyo kwa baruti, kwa kuwa walijua kuvunja mahali ni kuvunja watu. Na leo, ndani ya kaunti ya Kilifi, wazee wanauawa kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba linalotakiwa kuuzwa. Wazee hao ndio wanaojua njia za kaya na maneno yake. Anayedhani dharau kwa imani ya mwenzake haina madhara aende akazihesabu kaburi hizo.

Sheria ipo. Kifungu cha 63 cha Katiba ya 2010 kinazitaja waziwazi, miongoni mwa ardhi za jamii, zile zinazotumiwa na jamii kama misitu, malisho au mahali patakatifu. Ipo Sheria ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya 2006, inayoruhusu mahali kutangazwa kuwa urithi unaolindwa. Ipo Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuandika barua, kuchora mipaka na kuisukuma faili kabla mnunuzi hajafika. Wazee wengi hawana kijana wa kuwafanyia kazi hiyo.

Muislamu afanyeje?

Narudi kwenye swali la barazani. Dini yetu haina utata kuhusu nani anayeabudiwa, na sijaandika haya ili mtu akachinje chini ya mugumo au akapokee alichotolewa mungu wa kike hekaluni. Mimi nilipokwenda nilikwenda kuona na kuuliza. Sikuomba, na hakuna aliyenitaka niombe.

Lakini Sura ya Al-An'am inatukataza kuwatukana wale wanaoombwa na wengine badala ya Allah. Na Sura ya Al-Hajj, inapozungumzia kukingwa kwa nyumba za ibada zisibomolewe, haitaji misikiti peke yake. Wahenga wetu walilifupisha: heshima si utumwa. Kuvua viatu mlangoni mwa hekalu hakukufanyi Mhindu. Kuacha ukuni ulale pale ulipoangukia Giitune hakukutoi katika Uislamu.

Kwa anayetaka kwenda, adabu zenyewe ni chache. Usiende bila mwenyeji, na mwenyeji huyo awe ametumwa na wazee, si kijana uliyemwokota stendi. Uliza kwanza lipi halifanywi. Usipige picha mpaka uruhusiwe, na ukikatazwa usiibe kwa simu. Usichukue kitu: jani, jiwe, wala maji kwenye chupa. Vaa kama unayekwenda kwa wakwe. Ukifika wakati wa sala, toka nje ya mipaka ya mahali hapo ukasali, na utaona wenyeji wakikungoja kwa utulivu. Adabu hizi hizi ndizo zinazotakiwa hekaluni Mombasa na kayani Rabai.

Nina pendekezo moja kwa walimu wa madrasa na wa shule zetu. Tunawapeleka watoto Fort Jesus na Gede, na ni vyema. Tuwapeleke pia wakamsikilize Mhindu akieleza taa ya Navaratri, na mzee wa kaya akieleza miiko yake. Nauli ikipatikana, tuwapandishe hadi Meru wakasikie habari za Mbwaa kutoka kwa wanaoikumbuka. Kijana aliyewahi kukaa chini na kuelezwa kwa nini mti haukatwi ni vigumu kumtuma aende akaukate. Na kijana aliyezoea kumsikiliza mzee ni vigumu zaidi kumtuma aende akamuue.